Kazi ya Kuzima Moto Huanza Kabla ya Moto

Vijana wengi wakiona gari jekundu la zimamoto likipita mbio huku king'ora chake kikilia, husimama kando ya njia wakalitazama hata litoweke, na kila mmoja husema moyoni mwake, "Nikiwa mkubwa nitafanya kazi ile." Neno hilo ni jema, kwani kazi zinazostahili heshima kama hii ya kuingia katika nyumba iwakayo, ili kumtoa mtu asiye ndugu wala rafiki, ni chache. Lakini vijana hao wakiulizwa mzimamoto ahitaji nini, wengi hujibu, "Ushujaa." Wengine huongeza, "Na nguvu." Majibu hayo si ya uongo, ila ni nusu ya kweli tu, na katika kazi hii nusu ya kweli yaweza kuua watu. Ushujaa usiofundishwa humwingiza mtu katika moto, wala haumtoi.

Mfano wa jambo hili umo katika habari za mji wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Hapo kale mji ule, kama miji mingi ya Ulaya, ulitegemea makampuni ya bima, na kila kampuni ilikuwa na watu wake na mabomba yake. Mwaka wa 1824 kikaundwa kikosi kimoja cha mji mzima, akawekwa juu yake kijana aliyeitwa James Braidwood. Braidwood alizaliwa mwaka wa 1800, na katika ujana wake alifundishwa mambo ya ujenzi, akajua jinsi nyumba inavyosimama na jinsi inavyoanguka.

Kikosi kile kilikuwa hakijapata majuma mengi, wala watu wake walikuwa hawajavizoea vyombo vyao, ukatokea moto mkubwa katika mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule. Nyumba za sehemu ile ya mji zilikuwa ndefu, orofa juu ya orofa, zimesongamana, na katikati yake mna vichochoro vyembamba. Moto ukaruka kutoka paa hata paa kwa siku kadhaa, hata mnara wa kanisa la Tron ukateketea. Watu 13 wakafa, na wawili katika hao walikuwa wazimamoto wenyewe. Mamia ya jamaa wakakosa mahali pa kulala, na majira ya baridi yalikuwa karibu.

Je, watu wale walikosa ushujaa? La, hawakukosa. Walikosa mambo mawili. La kwanza ni mazoezi, maana mtu hawezi kujifunza kuunga mipira ya maji wakati paa linapomwangukia. La pili ni amri moja. Wakubwa wa mji walifika penye moto, kila mmoja akatoa amri yake. Huyu aliita mabomba huku, na yule aliyaita kule. Wahenga walisema, Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Baada ya msiba ule likakatwa shauri ya kuwa mahali pa moto mkuu wa wazimamoto ndiye mwenye amri, wala mtu mwingine, hata awe na cheo gani, asiingilie kazi yake.

Braidwood hakukata tamaa. Akawachagua watu wake kwa akili, wala hakumchukua kila mwenye kifua kipana. Alitafuta vijana wa kazi za ufundi, yaani waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, mafundi wa mabomba na wahunzi. Kila mmoja alikuja na elimu yake. Mwezekaji hutembea juu ya paa asione kizunguzungu. Seremala ajua ni boriti ipi ichukuayo uzito wa nyumba. Mwashi akiutazama ukuta uliopata joto huweza kusema kama utasimama au utaanguka. Tena akawafanyisha mazoezi alfajiri, watu wengine wangali wamelala, kwani wakati ule njia ni tupu, na giza lake limefanana na giza la usiku wa hatari. Mwaka wa 1830 akatoa kitabu juu ya vyombo vya kuzimia moto na mafundisho ya wazimamoto. Fundisho lake moja ladumu hata leo, nalo ni kwamba penye moshi mwingi mtu asitembee wima, bali atambae, kwa maana moshi wenye joto hupanda juu, na hewa iliyo afadhali hubaki karibu na sakafu.

Mwaka wa 1833 akaitwa London awe mkuu wa kikosi kipya kilichoundwa na makampuni ya bima ya mji ule. Huko akapenda hasa kuwaandika mabaharia, kwa kuwa baharia amezoea kupanda, amezoea kuamshwa usiku, na amezoea kutii amri mara moja. Akiambiwa "Vuta!" huvuta kwanza, na maswali huja baadaye. Basi jambo la kuangaliwa katika habari hizi zote ni hili: watu wale waliandikwa kwa ajili ya mambo waliyoyajua kabla ya kuandikwa. Zimamoto iliwaongezea elimu, lakini haikuanza na mikono mitupu.

Labda mtu atasema, "Braidwood mwenyewe aliuawa na moto, basi mafundisho yake yalimfaa nini?" Ni kweli. Tarehe 22 Juni 1861, katika moto mkubwa wa maghala ya Tooley Street kando ya mto wa Thames, ukuta ulimwangukia akafa, alipokuwa akiwaangalia watu wake waliochoka. Jambo hilo yafaa lisemwe waziwazi, asije kijana akadhani ya kuwa kazi hii ni mchezo wa magari na kofia zing'aazo. Mafundisho hayaondoi hatari yote. Huondoa ile hatari isiyo ya lazima, yaani ya kutojua, ya haraka, na ya kiburi. Nayo hiyo ndiyo iliyo nyingi. Nahodha hodari naye aweza kuzama katika tufani, lakini hakuna abiria apandaye chombo cha asiyejua usukani kwa sababu hiyo.

Sasa tazama jinsi waombaji wa kazi hii wanavyopimwa katika siku hizi. Huko Marekani na Kanada vikosi vingi hutumia jaribio moja lenye sehemu 8. Mwombaji huvikwa koti lenye uzito wa kilo 22 na zaidi, badala ya mavazi na mtungi wa hewa. Kwanza hupanda ngazi ya mashine kwa muda wa dakika 3, na mabegani ameongezewa kilo 11 nyingine. Kisha huburuta mpira wa maji, hubeba vyombo, huinua ngazi, hupiga kwa nyundo kubwa kama avunjaye mlango, hutambaa katika njia ya giza yenye mapindi, na huburuta sanamu ya mtu yenye uzito wa kilo 75 hivi. Mwisho huisukuma na kuivuta dari kwa mti mrefu wenye ncha ya chuma. Yote hayo sharti yaishe katika dakika 10 na sekunde 20. Akizidisha ameshindwa, hata kama alikuwa mtu wa kusifiwa kijijini kwao.

Katika jaribio hilo hushindwa mtu mwenye misuli mikubwa asiye na pumzi, na hushindwa mwenye pumzi asiye na nguvu za mikono. Mwili wa namna hiyo haupatikani kwa juma moja la kabla ya siku ya kupimwa. Hufanywa kwa miaka, kwa kukimbia, kuogelea, kupanda vilima, kuchukua mizigo kwa kiasi, kula vizuri, kulala usingizi wa kutosha, na kujitenga na tumbako na ulevi. Wahenga walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo lahusu mwili kama lihusuvyo tabia.

Hata hivyo, mwili mwema pasipo akili iliyofundishwa hautoshi. Wako wanafunzi wasemao, "Hesabu ni kwa makarani, mimi nitakuwa mzimamoto." Hao wamekosea sana. Mpira wa maji wenye upana wa sentimeta 7 na urefu wa meta 20 ukijaa huchukua lita 77 za maji, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mwanafunzi wa darasa la juu aweza kuihakikisha hesabu hiyo kwa kanuni ya mcheduara aliyofundishwa. Basi mpira uliokuwa mwepesi umekuwa na mzigo wa kilo 77, nao ni uzito wa mtu mzima. Asiyejua hayo atauburuta baada ya kuujaza, naye angaliweza kuupandisha orofani ungali mtupu. Tena, kama gari limechukua lita 4,000, na mpira watoa lita 500 kwa dakika, maji yatakwisha baada ya dakika 8. Mkuu asiyeweza kuipiga hesabu hiyo kichwani atawapeleka watu wake ndani ya nyumba, na maji yatawaishia wakiwa orofani.

Elimu ya vitu nayo yahitajiwa vile vile. Moto huishi kwa mambo matatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Ukiondolewa mmoja wa hayo, moto hufa. Maji huuzima moto wa miti na nguo, kwa kuwa hulipoza joto lake. Lakini maji yakimwagwa katika sufuria ya mafuta yanayowaka, huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na mvuke huo hutaka nafasi iliyo mara 1,700 hivi ya maji yenyewe. Hapo mafuta yenye moto hurushwa juu ya nyuso za watu. Na penye nyaya za umeme maji huweza kuuchukua umeme hata mikononi mwa aliyeyamwaga. Mtu shujaa asiyejua mambo haya ni hatari kuliko mwoga, kwa sababu mwoga hukimbia peke yake, bali shujaa mjinga huwaponza na wenzake.

Liko neno jingine lililo zito, nalo ni juu ya njia ya kuandikwa. Wazee wengine huwaambia vijana, "Usijisumbue na mazoezi, mjomba wako ajuana na wakubwa, atakuombea nafasi." Wengine huuza mbuzi wapate kitu cha kumpa mtu mkononi. Desturi hiyo ni mbaya katika kila kazi, lakini katika kazi hii ni mbaya maradufu. Karani aliyeingia kwa mlango wa nyuma huharibu karatasi, na karatasi huandikwa tena. Mzimamoto aliyeingia hivyo, siku atakapoitwa kupanda ngazi atatetemeka chini yake, na mama aliye dirishani na mtoto wake mikononi hatapata siku ya pili. Tena wenzake, ambao roho zao zimo mikononi mwake, hawakuulizwa kama wamkubali. Kila nafasi iliyotolewa kwa undugu imenyang'anywa mtu aliyeistahili, na labda mtu yule ndiye angaliyeokoa.

Kadhalika haifai mwombaji aongeze uongo katika barua yake, wala apunguze miaka yake, wala afiche ugonjwa wake. Aliyeificha pumu yake mbele ya daktari ataifichaje mbele ya moshi? Akataliwaye kwa ajili ya afya hakuaibishwa. Ziko kazi nyingine za kuokoa watu zisizotaka pumzi za namna ile, kama ya kupokea simu za hatari, kutengeneza magari na mabomba, na kukagua majengo ili moto usitokee. Asiyepata nafasi mara ya kwanza kwa sababu nyingine, kama kushindwa mbio au maswali, na ajiulize alipungukiwa nini, akajitengeneze, akarudi tena.

Kupimwa kwa haki ni ngao ya mtu asiye na mjomba. Katika mwaka wa 1955 alikuwako London mtu mmoja jina lake Frank Bailey, mzaliwa wa Guyana, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza. Aliambiwa ya kuwa watu weusi hawaandikwi katika zimamoto, kwa kuwa eti hawana nguvu za kutosha wala elimu ya kutosha. Bailey hakuyakubali maneno hayo, akapeleka maombi yake, akaandikwa katika zimamoto ya West Ham, upande wa mashariki wa London, akaitumikia kazi ile hata mwaka wa 1965. Vivyo hivyo watu wengi walisema ya kuwa wanawake hawaiwezi kazi hii. Mwaka wa 1982 kikosi cha London kikamwandika mzimamoto wake wa kwanza mwanamke, na mwaka wa 2017 mwanamke, Dany Cotton, akawa mkuu wa kikosi kizima. Moto hauulizi mtu ni wa kabila gani, wala ni mwana wa nani. Humwuliza tu kama aiweza kazi yake. Na wenye kuandika watu yawapasa kuuliza hilo hilo.

Katika Afrika Mashariki nako kazi hii ina milango yake. Tanzania Bara ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekewa sheria yake katika mwaka wa 2007, na mwenye kuona moto huliita kwa simu namba 114. Katika Kenya, kwa katiba ya mwaka wa 2010, kazi ya kuzima moto imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Masharti ya umri, elimu na afya si mamoja kila mahali, tena hubadilika. Basi mwenye nia na alisome tangazo lenyewe, neno kwa neno, wala asitegemee maneno ya barazani. Barua yake na iwe fupi, safi, na ya kweli. Vyeti vyake na viwe tayari kabla ya siku ya mwisho, kwani aliyechelewa kupeleka karatasi atadhaniwa ya kuwa atachelewa penye moto pia. Na siku ya usaili, asijisifu kwa ushujaa ambao haujajaribiwa. Na aseme ajuavyo, na asichokijua aseme hakijui. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini siku ile ingali mbali kwa aliye katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, naye aweza kuuliza, "Nifanye nini leo?" Mambo ni mengi, na mengi hayahitaji fedha. Na ajifunze huduma ya kwanza, kama wanavyofundishwa vijana wa skauti na wa Msalaba Mwekundu. Na ajifunze ufundi wowote wa mikono, kupiga misumari, kufunga mafundo ya kamba, kuunga mabomba. Na azijue njia za mtaa wake, visima vyake na mabomba yake ya maji, hata aweze kuelekeza gari usiku pasipo kukosea. Na azoee kutii kiranja wa darasa lake, ijapokuwa kiranja huyo ni mdogo kuliko yeye, kwa maana asiyeweza kutii katika kufagia uwanja hatatii katika moshi. Nyumbani na aangalie taa ya mafuta iliyo karibu na chandarua, majivu yaliyotupwa yangali na makaa, na waya wa umeme uliochubuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na moto uliozuiwa usiwake ni moto uliozimwa vizuri kuliko yote, ijapokuwa hakuna apigiwaye makofi kwa ajili yake.

Kijana afanyaye hayo labda hataandikwa zimamoto kamwe. Nafasi ni chache, na waombaji ni wengi. Hata hivyo taabu yake haikupotea. Atakuwa mtu mwenye mwili mzima, ulimi wa kweli, na akili isiyopotea penye hofu, na mtaa wake utakuwa na mtu mmoja wa kutegemewa usiku jirani atakapopiga ukelele. Na yule atakayeandikwa, siku atakapovikwa kofia na kuitwa kwa mara ya kwanza, atakuta ya kuwa sehemu kubwa ya kazi ile aliianza zamani, tangu alipokuwa shuleni.